Ukiuachia upepo kazi, wewe unabaki na nini?

Msomaji ameandika: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni msanii wa kazi za kusimikwa, yaani sanaa inayojengwa palepale itakapotazamwa. Nimepewa kiwanja cha wazi, chenye nyasi na miti pembeni, niweke kitu kitakachoendeshwa na upepo na ambacho watu wa rika zote watakichezea. Nina mashaka matatu. Kwanza, kama upepo ndio unaoamua umbo, mimi nimefanya nini? Pili, vitu nilivyojaribu vinapendeza dakika ya kwanza, kisha watu wanapita zao. Tatu, naogopa siku ya upepo mkali. Nianzie wapi?"

Nzuri, ndugu yangu. Anza na shaka la pili, maana jibu la la kwanza limo humo humo. Watu wanapita kwa sababu kazi yako inatembea lakini haisemi jipya. Kititia cha karatasi huzunguka. Upepo ukizidi huzunguka kwa kasi, ukipungua huzunguka taratibu. Ukikitazama nusu dakika umekimaliza. Hapo upepo ni mota tu, na mota ya umeme ingeifanya kazi hiyohiyo bila kukusumbua. Sadfa bado haijaalikwa.

Kushirikiana na upepo ni kuukabidhi uamuzi fulani, mmoja au miwili, uliouchagua wewe, na mengine yote kuyashika mwenyewe bila huruma. Hiyo ndiyo kazi yako, na si ndogo. Wengi wanaoanza hudhani kadiri wanavyolegeza kila kitu ndivyo bahati inavyopata nafasi. Matokeo yake ni matambara yanayopigapiga, na matambara yanayopigapiga hufanana dunia nzima.

Tazama alivyofanya msanii Mfaransa Marcel Duchamp mwaka 1913 na 1914. Alichukua nyuzi tatu, kila moja urefu wa mita moja, akaziangusha moja moja kutoka kimo cha mita moja. Zikaanguka zilivyotaka. Akazigandisha palepale, kisha akachonga rula za mbao kwa kufuata mipindo ile. Urefu haukuachiwa bahati, kimo hakikuachiwa bahati. Kilichoachwa ni mpindo peke yake. Kwa sababu hiyo unaweza kuiweka mipindo yote mitatu kando kwa kando ukaona bahati ilivyotenda. Angebadilisha na kimo, angebadilisha na urefu, tusingeona kitu.

Miaka michache baadaye, 1919, akiwa Buenos Aires, aliwatumia dada yake Suzanne na mumewe, waliokuwa Paris, maagizo kama zawadi ya harusi: watundike kitabu cha jiometri kwenye roshani kwa kamba, upepo upekue kurasa, uchague maswali wenyewe na kuzichana karatasi. Mtu aliamua nini hapo? Aina ya kitabu, basi. Lakini kitabu cha hadithi kingechanika vilevile na kichekesho kisingekuwepo. Jiometri, somo lisilokubali kubahatisha, ndiyo iliyopelekwa darasani kwa upepo. Mimi naipenda kazi ile kuliko nyingi zilizomeza tani za chuma, na naitaja kwako kwa kuwa unaweza kuwa na bajeti ya kamba na kitabu tu.

Mfano wa karibu zaidi na kiwanja chako ni wa Mwingereza Tim Knowles, ambaye alifunga kalamu kwenye ncha za matawi na kuweka karatasi mbele yake, mti ukachora. Mti wenye vitawi laini vinavyoning'inia huchora tofauti kabisa na mti wenye matawi makavu yaliyokaza. Msanii alichagua mti, kalamu, karatasi na muda wa kuiacha. Akikosea hayo manne, upepo hauwezi kumwokoa.

Sasa tushike kazi yenyewe. Kazi yako inachosha haraka pengine kwa sababu ina kiungo kimoja. Kitu kilichoning'inizwa sehemu moja, au kinachozunguka kwenye mhimili mmoja, kina njia moja ya kwenda na kurudi. Kitu hicho, fimbo au ubao, tukiite mkono. Ning'iniza mkono wa pili kwenye ncha ya mkono wa kwanza, kila mmoja ukiwa huru, na hali inageuka. Hata bila upepo, fimbo mbili zilizoungwa hivyo ukizisukuma kwa nguvu hufanya mwendo usiotabirika: tofauti ndogo sana mwanzoni huzaa njia nyingine kabisa baada ya sekunde chache. Wanafizikia huutumia mfano huu kufundishia tabia ya vurugu inayotokana na sheria rahisi. Kwako maana yake ni hii: mikupuo miwili ya upepo inayofanana haitatoa miondoko miwili inayofanana. Viungo viwili vinatosha. Ukiweka vitano jicho la mtazamaji linapotea na unarudi kwenye matambara.

Jaribu hili kabla hujanunua chochote. Tafuta ubao mwembamba wa mita moja, ulio sawa unene kote. Toboa tundu ncha moja, tundu jingine sentimita moja tu kutoka katikati. Utundike kwenye msumari laini kwa tundu la ncha, uusukume kidogo: utakwenda na kurudi kwa sekunde moja na nusu na ushee, haraka haraka kama mtu mwenye wasiwasi. Sasa uutundike kwa tundu lililo karibu na katikati. Safari moja ya kwenda na kurudi itachukua karibu sekunde sita, ilhali ubao ni uleule na uzito uleule. Kadiri mhimili unavyokaribia kitovu cha uzito, ndivyo mwendo unavyokuwa wa polepole na ndivyo pumzi ndogo inavyotosha kuuamsha. George Rickey, Mmarekani aliyefariki mwaka 2002, alijenga sehemu kubwa ya maisha yake ya usanii juu ya jambo hilo: alitengeneza vipande virefu vyembamba vya chuma cha pua, kama visu, akavitia vizito upande wa chini ya mhimili, vikawa vinapepesuka kwa utulivu angani kana kwamba havina uzito. Beringi zake zilikuwa nzuri, hilo nalo usilidharau. Msumari wenye kutu utaumeza upepo wote mdogo.

Kuna siri nyingine hapo ambayo wengi wanaikosa. Ubao uliosawazishwa sawasawa, na wenye eneo sawa kila upande, unasukumwa na upepo pande zote mbili kwa nguvu ileile, kwa hiyo hauendi popote. Unachotaka ni kusawazisha uzito bila kusawazisha eneo. Upande mmoja bandika karatasi ngumu pana na nyepesi. Upande wa pili weka nati ndogo nzito. Mizani iko sawa, lakini upepo unaona upande mmoja tu. Ukitazama kazi za kuning'inia za Mmarekani Alexander Calder, zinazoitwa "mobile", jina ambalo Duchamp ndiye aliyelitoa mwaka 1931 kwa kazi zake zinazotembea, utaona mchezo huohuo: majani mapana ya bati upande huu, kitu kidogo kizito upande ule. Si ajabu, Calder alisomea uhandisi wa mitambo kwanza.

Kabla ya kubuni umbo, nenda kiwanjani na fito na tepe nyepesi. Funga tepe tatu kwenye kila fito: kimo cha mtoto, kimo cha kifua, na juu kadiri unavyofikia. Sambaza fito, kaa mbali, tazama asubuhi na jioni. Karibu na ardhi upepo hupungua kwa kukwaruzana na nyasi, kwa hiyo kile kinachoyumba vizuri juu ya kichwa chako kinaweza kuzubaa kabisa mahali ambapo mtoto anasimama. Nyuma ya ukuta au safu ya miti, hewa hujikunja na kugeuka. Wafungaji wa mitambo midogo ya umeme wa upepo wana kanuni yao: upande ule upepo unakoelekea, misukosuko inaweza kufika umbali wa karibu mara 20 ya kimo cha kizuizi. Wao wanapakimbia mahali hapo. Wewe pengine ndipo utakapopahitaji, maana upepo ulionyooka hutoa mwendo mmoja, na upepo uliovurugwa na miti yako utaleta maswali tofauti kila dakika. Pembe za majengo na mianya kati ya kuta huuongezea upepo kasi. Weka alama hapo, utakumbuka tukifika kwenye shaka la tatu.

Sadfa pia ina mahali pengine pa kuingia ambapo watazamaji hawapaoni kabisa: wakati wa kuunda. Mholanzi Theo Jansen, anayeunda tangu 1990 wanyama wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufukweni kwa upepo, hakukisia urefu wa vipande vya miguu yao. Aliifanya kompyuta itengeneze miguu 1,500 yenye vipimo vya kubahatisha, ichuje 100 iliyokaribia mwendo alioutaka, iichanganye vipimo vyake kuzaa mingine, na kurudia hivyo. Mwisho akabaki na namba 11 anazoziita takatifu. Utaona kwamba bahati peke yake haikutembeza mguu wowote. Kilichotembeza ni bahati pamoja na mchujo, na kipimo cha mchujo kilitoka kwake. Huna haja ya kompyuta. Tengeneza mikono kadhaa kwa urefu wa kuokoteza, uitundike nje yote pamoja, uondoe inayochosha, uzae mingine kutoka kwa iliyobaki.

Tuje kwenye kuchezea. Hapa nina msimamo mkali kidogo: kitu kinachotembezwa na upepo huku watu wametazama si mchezo bado. Mchezo unaanza mtu akiwa na la kufanya ambalo matokeo yake hayajui. Nikupe mchoro mmoja, uuchukue au uutupe.

Chukua trei pana ya mbao, nusu goti kwenda juu, iliyojazwa mchanga mkavu laini. Juu yake, kwenye nguzo moja, uning'inize mikono miwili kama nilivyoeleza, na kwenye mkono wa mwisho uweke tanga dogo la kitambaa na kijiti kinachogusa mchanga kwa ncha tu. Kijiti kiwe huru kupanda na kushuka ndani ya bomba jembamba, ili kisikwame kwenye tuta lililochorwa na upepo wenyewe. Pembeni uweke ubao wa kusawazishia mchanga. Anayefika anasawazisha, anaachia, upepo unachora. Anaweza kusimama upande upepo unakotoka akauziba kwa mwili wake, au kufungua kanga ya kitambaa akauelekeza. Wawili wanaweza kubishana mstari utaishia upande gani. Akija mwingine, uamuzi mgumu unamkabili: kufuta mchoro uliopo au kuongezea juu yake? Mvua nayo ikinyesha itatoboa mchanga kwa matone na kijiti kitagoma, nao ni mchoro.

Hesabu basi nani anaamua nini. Wewe: ukubwa wa trei, urefu wa mikono, uzito wa kijiti. Upepo: njia ya mstari. Mtu: mwanzo na mwisho. Ukiweza kuiandika kazi yako kwa sentensi tatu za namna hiyo, shaka lako la kwanza limekwisha. Ukishindwa kuiandika, rudi mezani.

Siku za shwari zisikutishe sana, ila zipange. Jansen hufunga kwa wanyama wake chupa za plastiki ambazo mabawa huzijaza hewa kwa shinikizo, ili mnyama apate hatua chache upepo ukishakatika. Wewe huenda ukaridhika na kazi inayokaa vizuri ikiwa imetulia: rangi nzuri, kivuli kizuri. Kusubiri ni sehemu ya mchezo, na kipimo changu cha kazi iliyofaulu ni watu kubaki pale upepo unapokata, wameinua nyuso wakiungoja urudi. Tia kitu chepesi mno pembeni, kama utepe mmoja mrefu, kitakachowaonya sekunde mbili kabla kwamba unakuja. Utashangaa namna kiwanja kizima kinavyogeuka.

Shaka la tatu ndilo la kuogopa kwelikweli, na umefanya vizuri kuliogopa mapema. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kwa hesabu ya haraka, upepo wa mita 5 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kama uzito wa kilo moja na nusu. Kwa mita 10 ni kilo 6. Kwa mita 20 ni kilo 24. Tanga la mita 3 kwa 2, ambalo mtoto analishika kwa mkono siku ya kawaida, siku ya upepo wa mita 20 linavuta kama uzito wa wanaume wawili, na hapo sijaongeza athari ya umbo lake wala mishtuko ya mikupuo. Kazi inayochezewa haivunjiki kwa upepo wa kila siku, kwa hiyo kila siku inakudanganya kwamba iko imara.

Mifano iko, na ni ya kusikitisha. Mwaka 1991 wasanii Christo na mkewe Jeanne-Claude walifungua miavuli 3,100 kwa wakati mmoja, ya buluu Japani na ya manjano California, kila mmoja wenye kimo cha mita 6 na uzito wa karibu kilo 200. Upepo uling'oa mmoja huko California ukamuua mtazamaji, na mradi wote ukafungwa. Mwaka 2006 kaskazini mwa Uingereza, kazi kubwa ya plastiki iliyojazwa hewa, ambayo watu waliingia na kuzunguka ndani yake, ilikatika kamba ikanyanyuka na watu wakiwa ndani. Wawili walikufa. Zote mbili zilikuwa kazi za furaha, zenye wasanii wazoefu.

Kwa hiyo usiulize tu kama itasimama. Uliza itaachia wapi kwanza. Weka kiungo dhaifu cha makusudi: kifungo au uzi unaokatika kwa mvutano uliouchagua na kuupima kwa mizani ya kuning'inia, ili tanga lilale kama bendera upepo usiendelee kulisukuma, huku kamba ya pili iliyolegea ikilizuia lisiruke. Penye eneo kubwa tumia wavu badala ya kitambaa. Msanii Mmarekani Janet Echelman alifika kwenye nyavu kwa sadfa: mwaka 1997 alikuwa Mahabalipuram, India, rangi zake hazikufika kwa ajili ya maonyesho, akawatazama wavuvi wakirundika nyavu zao mchangani. Mwaka 2005 alisimika huko Porto, Ureno, wavu mkubwa unaoning'inia kwenye pete ya chuma ya tani 20 na kubadilika umbo kwa kila upepo. Wavu unaupitisha upepo mwingi na kubakiza wa kutosha kuchezea. Matundu ya nusu mwezi ambayo watu hukata kwenye turubai, kwa upande mwingine, hupunguza kidogo sana, usiyategemee.

Weka pia kikomo cha kushusha kazi, na kikomo kiwe cha kuonekana kwa macho, maana mlinzi hatabeba kipimaupepo. Kipimo cha Beaufort, kilichoanzia baharini mwaka 1805, kina alama za nchi kavu zinazotosha. Daraja la 3, majani na vitawi vinacheza muda wote: kazi yako ianze kung'ara hapo. Daraja la 4, vumbi na karatasi zinapeperuka: iwe kwenye kilele chake. Daraja la 6, matawi makubwa yanatikisika na mwavuli unakuwa mgumu kuushika: iwe imeshashushwa na kufungwa. Usisubiri daraja la 6 ndipo uanze kutafuta ngazi. Tanga lishuke kwa kamba moja, na mtu mmoja, kutoka chini. Kazi yoyote kubwa kuliko mtu, au itakayokaa juu ya vichwa, mpe mhandisi aikague. Na zile pembe ulizoziwekea alama, ziache tupu.

Mawili madogo. Ukitaka sauti, mabomba yaliyo wazi huimba vizuri: huko Burnley, Uingereza, kuna mti wa mabomba ya mabati wa mita 3, wa mwaka 2006, unaovuma kilimani. Lakini uko kilimani. Karibu na nyumba za watu, kinachofurahisha saa kumi jioni kinaleta ugomvi saa nane usiku. Na chochote kinachoweza kukatika na kuruka, kisiwe plastiki nyembamba. Jua litaikausha, upepo utaisambaza kwenye nyasi vipande vipande, na hutaweza kuviokota.

Mwisho wa yote andika ukurasa mmoja wa kazi, uwakabidhi wenye kiwanja. Uandike zile sentensi tatu, kisha kipi kinaruhusiwa kubadilika (rangi ya tanga ikipauka, kijiti kikiisha, mchanga ukipungua) na kipi kisiguswe (urefu wa mikono, mahali pa tundu la mhimili, nguvu ya uzi wa kukatika). Fundi mwenye nia njema atakayekuta uzi umekatika atatamani kuweka waya. Mwandikie kwa herufi kubwa kwamba asiweke.